Bwawa Lisiloshiba

Jumatatu, 4 Agosti

Siku njema kupita kiasi. Marumaru za bwawa zimekamilika! Za bluu, zinateleza kwa kung'aa. Nilivua viatu nikashuka ndani ya bwawa tupu, nikatembea taratibu kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Fundi Fakihi akanipigia makofi. Sikumtuma.

Jengo la bwawa la mtaa wetu hapa Mwananyamala lilifungwa miaka mingi, waogeleaji wakawa popo. Sasa linafufuka, na anayelifufua ni mie, Ansbert, mwenyekiti wa kamati ya ukarabati. Tunafungua Jumamosi ya tarehe 16. Mgeni rasmi keshapatikana, Mzee Kondo, mstaafu anayeheshimika mtaa mzima. Jiwe la ufunguzi limeshachongwa. Jina langu liko chini ya lake, herufi ndogo kidogo tu.

Katibu wangu Twaha akauliza kama mabomba ya chini yalipimwa kabla marumaru hazijabandikwa. Nikamjibu mabomba yale yalizikwa enzi ambazo watu walikuwa hawaibi saruji. Huyu Twaha anakitaka kiti changu, hata watoto wanajua. Anachosubiri ni neno langu linigeuke: niliuambia mkutano wa mtaa kwamba michango iliyokusanywa inatosha, na ikipungua hata shilingi moja naachia uenyekiti. Watu walishangilia. Twaha alitabasamu tu. Tabasamu lile silipendi.

Jumatano, 6 Agosti

Fakihi kaja nyumbani na sura ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Eti mchwa wamekula mbao za paa la vyumba vya kubadilishia nguo. Nikamwuliza wamekula kiasi gani. Akasema, mwenyekiti, kinachoshikilia lile paa sasa hivi ni mazoea.

Mchwa! Miaka yote wamekaa kimya, wanasubiri nichaguliwe mimi!

Kwenye kamati kuomba nyongeza sitii mguu. Nimechukua hela ya mabati ya banda la kuku la Demetria, mke wangu. Kwa muda mfupi. Kuku wana manyoya, baridi ya Agosti hawaijui. Mbao mpya zimenunuliwa kimyakimya, na Fakihi ameapa kufunga mdomo. Kiapo nacho kimenigharimu chips na kuku nusu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wameenda kwenye maonyesho kutazama ng'ombe. Mie nimetazama maji. Maboza yamemwaga maji tangu asubuhi, bwawa limejaa mpaka ukingoni, hela ya maji iliyotengwa imeisha yote. Nikatia dawa kwa mkono wangu. Mwalimu Lusungu, atakayefundisha watoto kuogelea, alisimama pembeni machozi yanamlengalenga. Ameshaandikisha watoto hadi wa Kibamba. Akasema, mzee, hawa sasa watajifunzia mahali salama, si kwenye mashimo ya mchanga. Hapo hata mie nilijifanya nimeingiwa na dawa machoni.

Twaha akasema tungoje siku mbili tuone. Tuone nini? Maji ni maji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi bwawani. Maji yako kiunoni!

Nilifikiri jua. Nikafikiri kunguru, hawa wa Dar wanaweza. Kisha nikamfikiria Twaha, na wazo hilo likanikaa vizuri zaidi. Nimekagua kwake kwa kisingizio cha kumjulia hali mama mkwe wake. Hakuna hata ndoo yenye kutia shaka. Mama mkwe amefurahi sana, kanikaribisha tena.

Fakihi anasema bomba la chini limepasuka, tubomoe marumaru tulione. Nilimwomba arudie, labda kichwa chake kimepata jua. Tubomoe marumaru! Za bluu! Wiki moja kabla ya mgeni rasmi! Nimempiga marufuku kutamka neno bomba ndani ya jengo. Bwawa jipya lina kiu, nimemweleza, kama chungu kipya. Likinywa likashiba litatulia. Akaomba nauli.

Jumanne, 12 Agosti

Limekunywa tena, kwa pupa kuliko juzi. Boza moja zaidi ni pesa ambayo sina, na kamati siwezi kuiomba. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi ya bwawa, natafakari kuugua ghafla, ndipo bahati ikabisha hodi.

Bi Tabu! Mama wa Kizaramo, nyumba yake iko upande wa chini, imepakana ukuta na bwawa. Ana kisima kilichokauka zamani, alikuwa anatupia humo makumbi ya nazi. Nimepita nampa shikamoo, nakuta foleni ya madumu hadi barabarani. Kisima kimejaa! Anasema alisikia maji yanachuruzika siku ileile ya Nane Nane jioni, akadhani ni jini, akatoa sadaka, kumbe ni neema. Maji yenyewe meupe kama kioo. Nimeonja. Yana kaharufu fulani ka usafi. Nikamwambia, bibi, maji yako yametoka ardhini yakiwa na dawa tayari! Akasema Mwenyezi Mungu hapungukiwi duka la dawa.

Tumeelewana. Nitaleta pampu, mpira wa maji utapita juu ya ukuta, na atanipa bei ya ujirani. Ni nafuu kuliko boza. Hebu Twaha aniambie sasa nani mchumi!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimevuta maji ya Bi Tabu siku mbili. Ajabu ya kisima hiki: kadiri ninavyovuta ndivyo kinavyojaa. Sijawahi kuona mama mwenye baraka kiasi hiki. Bwawa limerudi ukingoni, na pampu ikikaa bila kuzimwa, halishuki hata kidogo. Nilijua litashiba.

Palikuwa na kelele kidogo kwenye foleni ya madumu. Mama mmoja amefua kanga kwa maji yale, jina limebaki, maua yamepauka. Nikamweleza kuwa sabuni za siku hizi ni feki. Hakuridhika. Watu hawapendi kuelimishwa.

Nyumbani pabaya. Demetria amekwenda kutoa hela ya mabati akakuta bahasha ina hewa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, Baba Allen, hao kuku nikawaambie nini? Kisha akaniandalia ugali bila mboga. Nimeula. Jumamosi ataniona nimesimama kando ya jiwe, ataelewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianze na shirika la umeme? Hapana, niliache. Umeme ulikatika tu, kama unavyokatika.

Mtaa mzima ulikuja. Maturubai, viti vya plastiki, muziki. Watoto wa Lusungu wamepanga mstari, mataulo mabegani. Mzee Kondo kafika na suti ya rangi ya maziwa. Bwawa limejaa, linameremeta. Twaha kakaa mstari wa mbele. Nikaanza kusoma risala.

Risala ilikuwa ndefu, nakubali. Mimi mtu wa Bukoba, kipaza sauti nikikishika kinanogewa nami. Nilikuwa kwenye historia ya kuogelea tangu mtu wa kwanza, umeme ukaenda. Nikaendelea kwa sauti ya kifua. Muziki umenyamaza, feni zimenyamaza, na pampu, ambayo sikuikumbuka, ikanyamaza nayo.

Nilipofika kwenye shukrani, niliona watu hawanitazami. Wanatazama nyuma yangu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama bwawa linakwenda wapi.

Lilikuwa limeshuka hadi magotini! Kwa nini hakuna aliyenikatisha? Eti walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Papo hapo kichwa cha Bi Tabu kikachomoza juu ya ukuta, amepanda ngazi, ushungi umelowa. Akapiga ukelele kwamba mwenyekiti wake awashe mashine haraka, kisima kimefurika, maji yameingia jikoni, sufuria la pilau linaelea!

Mtaa mzima ukatazama bwawa. Ukatazama ukuta. Ukatazama bwawa tena. Kisha ukanitazama mimi.

Twaha hakupaza hata sauti. Aliuliza taratibu, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi, nimeyanunua maji yale mara ngapi.

Kicheko! Mzee Kondo alicheka mpaka akaketi chini na suti yake. Nikapandwa na hasira za haki. Nikamwambia Bi Tabu mbele ya watu wote anirudishie hela yangu, amekuwa akiniuzia maji yangu mwenyewe. Akajishika kiuno huko juu ya ngazi. Akasema, mie nimeyafuata kwako? Yamekuja kwangu na miguu yao. Wiki nzima umeyalaza uani kwangu, umelipa kodi ya ghala? Na sufuria langu nani atalipia, we baba?

Makofi alipigiwa yeye.

Mzee Kondo alikataa kufunua jiwe. Alisema hawezi kuzindua kitu kinachohama. Lusungu aliwarudisha watoto nyumbani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Mmoja mdogo alikuwa ameshavaa miwani ya kuogelea, akaondoka nayo usoni vilevile.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikao. Nilijitetea kwamba, kwa haki, tatizo ni umeme. Wajumbe hawakushawishika. Mbao za paa nazo zikatajwa. Fakihi! Chips na kuku nusu! Wakakumbushana ahadi yangu ya shilingi moja, nami nikawaomba tusiichukulie neno kwa neno. Wameichukua neno kwa neno.

Twaha ni mwenyekiti. Amri yake ya kwanza: kubomoa marumaru, kung'oa bomba, kupima, ndipo kubandika upya. Kila kaya itachangia. Ya kwangu itachangia mara mbili, eti kwa heshima. Jiwe linarudishwa kwa mchongaji kufutwa jina moja. Nilipotoka, Twaha akanishika bega, braza, usikate tamaa. Bega limeniuma hadi sasa.

Alhamisi, 28 Agosti

Nasikia bomba jipya limefungwa. Bwawa limejazwa majuzi na halijashuka hata ukucha. Watoto wa Lusungu wanapiga mbizi, kelele zao nazisikia mpaka hapa uani. Nawafurahia, kweli. Ila nasema wazi: bahati ya Twaha.

Kisima cha Bi Tabu kimekauka siku ileile bomba lilipofungwa. Twaha anasema hiyo ndiyo hesabu, yamekwisha. Hajui kitu! Mie nimeyaonja yale maji. Utamu ule si wa bomba peke yake. Chini ya ua wa Bi Tabu kuna chemchemi ya kweli, iliyotikiswa na bwawa ikaanza kuamka. Ni kuchimba tu, mita chache.

Nimemweleza Bi Tabu leo asubuhi. Gharama nimezikadiria kwa kichwa na haziwezi kuzidi. Tena ni kwa faida ya Demetria, ili nimrudishie mabati yake yenye riba. Bi Tabu alitafuna tambuu akiniangalia, kisha akaniuliza kama ua wake utapendeza. Nikamwambia bibi, utashangaa. Akasema haya, ingia kazini, mwenyekiti wangu. Mwenyekiti! Kuna watu bado wana adabu mji huu.

Wapimaji wa maji ardhini nimewakataa, wanakula pesa bure. Fakihi kaanza kubandika mchana huu, kuzunguka mdomo wote wa kisima, kwa marumaru za bluu zilizobaki. Zinang'aa, uzuri wake hausemeki.

Kuchimba tutachimba zikishakauka.