Pawatila ya Mkulima Bora

Jumatatu, 6 Machi
Habari kubwa! Ofisi ya kilimo inatoa pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, kwa mkulima bora wa kijiji. Moja tu! Mke wangu, Yusmaniar, alisoma tangazo mara mbili, mkono kiunoni. Miaka kumi na minane analima mpunga kwa jembe, ameinama. Akasema, Uda, ndivyo anavyoniita mumewe, hii ikija mgongo wangu utapona. Nikamwambia aniachie mimi. Fomu nimejaza mwenyewe. Mkulima: Syafrizal. Mke: anasaidia. Najiona kabisa nikipita nayo mbele ya kibanda cha kahawa, Nasrul anapaliwa!

Jumanne, 7 Machi
Nasrul naye kajaza! Mwizi wa mawazo! Huyu ni mume wa dada yake Yus, na wote tunaishi kwa mama mkwe. Mara ya mwisho kwenda shambani alikuwa anamtafuta kuku wake. Mimi angalau hupeleka chai.

Alhamisi, 9 Machi
Wamenichagua mimi! Kesho bibi shamba anakuja kunihoji. Nimenunua buti. Nimemwomba Yus anifundishe kilimo chote baada ya chakula. Alipofika kwenye kitalu nikasinzia. Nimeamka na neno moja kichwani: maji.

Ijumaa, 10 Machi
Balaa! Bibi shamba aliuliza napanda mbegu gani. Nikasema, ya maji. Miche hukaa kitaluni siku ngapi? Nikasema, inategemea maji. Wanawake wote shambani wakashikwa na kikohozi. Hatimaye swali rahisi: shamba la nani? Nikatunisha kifua. Langu!

Nageuka, mama mkwe huyo, na kapu la chakula. Sisi Waminangkabau shamba hutoka kwa mama likaenda kwa binti. Mume ni mgeni tu, hata awe na watoto watano. Najua! Ulimi ulinitangulia! Mama mkwe aliuliza, kwa upole wa kutisha, eti mama yangu alilileta lini shamba hili, kwenye mkoba au kichwani. Nasrul alicheka mpaka akatumbukia mtaroni.

Bibi shamba akamgeukia Yus. Akajibu yote bila kuweka jembe chini: mbegu, siku, hata kona wanayopitia panya. Kumbe nimeoa chuo cha kilimo! Nilijivunia, halafu nikaona aibu, halafu nikaona njaa. Kapu lilikuwa limesharudishwa nyumbani.

Jumatatu, 13 Machi
Imekuja! Nyekundu! Fomu mpya inasema: Mkulima: Yusmaniar. Mume: anasaidia. Yus amemaliza nusu ya shamba kabla ya adhuhuri, amesimama wima. Sijawahi kumwona amesimama wima pale. Machozi yalinitoka. Nilimwambia Nasrul ni moshi wa injini.

Lakini turudi kwenye fomu. Anasaidia! Cheo, kwenye karatasi ya serikali! Nasrul hana. Nimeshaagiza mhuri: SYAFRIZAL, MSAIDIZI MKUU. Yus ameuliza nitaanza lini kusaidia. Nimemwambia mhuri kwanza.

Na kuna tangazo jipya! Anatafutwa mfugaji bora wa bata. Mama mkwe ana bata arobaini, wanene. Buti ninazo. Safari hii sirudii kosa, nimejaza fomu kwa uangalifu sana. Mfugaji: Syafrizal. Mama mkwe: anasaidia.