Khaemba na Sindano Isiyo na Dawa

Sogeeni, enyi watu wa Voi, mlio dukani na mlio karakanani! Zimeni redio, tulizeni watoto, niwape habari za Gibson Khaemba, fahali wa Bungoma, mnyapara wa genge la reli, mwinua vyuma ambavyo wanaume wanne huvitazama kwanza; na vita alivyopigana Alhamisi moja ya mwaka 1984 na adui mwembamba kama unywele. Mimi nilikuwa benchi la nje ya kliniki na mguu wangu ulioteguka. Nilisikia yote, na mengine nikaja kusimuliwa.

Shujaa huyu alikuwa na kipandauso. Kila wiki kilimvamia bila hodi: kwanza vimulimuli kwenye jicho la kulia, kisha nyundo nyuma ya jicho hilohilo, kisha kutapika. Jumapili, wazee Wadawida wa Chawia, kijiji cha milimani, walipokuja kumposa binti yake Alice, kilimshika salamu hazijaisha. Akainuka bila neno, akajifungia chumbani, akajifunika blanketi. Wageni wakakaa wakitazama kuta, wakarudi milimani wakisema Khaemba anawadharau Wadawida. Kwa kubembelezwa sana wakakubali kurudi Jumamosi, mara moja tu, ya mwisho.

Ndipo mkewe, Risper, jemadari asiye na cheo, alipomwongoza hadi kliniki kwa Mkamburi, mtaalamu wa misuli. Mkamburi akampapasa shingo, akakuta fundo gumu kama punje ya harage. Akatoa sindano.

Khaemba akaruka kutoka kitandani.

"Ewe binti wa Dawida!" akanguruma. "Nipe gunia la vidonge, nitavimeza! Nikande kwa nyundo ya reli, nitanyamaza! Lakini chuma hicho hakitaingia shingoni mwangu ningali hai!"

"Mzee, vidonge umemeza miaka tisa," Mkamburi akasema. "Sindano hii haina dawa. Natafuta lile fundo tu. Nikilipata, msuli utashtuka, halafu utalegea. Siahidi kwamba hutaumwa tena. Huenda ukaumwa kwa kiasi unachoweza kubeba, huenda ukaumwa mara chache."

"Haina dawa? Basi unanichomea nini?"

Hapo Risper akasimama mlangoni, akaijaza njia ya kutorokea.

"Baba Alice, mtoto hajala vizuri tangu Jumapili. Lala."

Akalala. Enyi majeshi yote yaliyowahi kuzingira ngome, hamkuona mikono ikishika miguu ya kitanda namna ile! Sindano ikaingia. Msuli ukaruka kama panya ndani ya gunia, na maumivu yakapanda moja kwa moja hadi nyuma ya jicho la kulia.

"Hapo!" akapaza sauti. "Mama Alice, amekipata! Hapo hapo ndipo kinapokaa!"

Na fahali wa Bungoma akalia. Si kwa kuchomwa, nadhani, bali kwa kuwa miaka tisa watu walimwambia ni mawazo tu, na sasa mtu amekigusa kwa ncha ya sindano. Alichomwa mara tatu. Alipotoka alipita mbele yangu akigeuza shingo kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayejaribu kofia mpya.

Jumamosi wazee wakafika, mbele yao Timotheo, baba wa bwana harusi, uso umekunjwa. Khaemba hakungoja salamu.

"Siku ile sikuwadharau. Nilikuwa natapikia karai, kichwa kinapasuka. Niliona haya kusema."

Timotheo akaukunjua uso.

"Mama yangu alikuwa hivyohivyo," akasema. "Alikuwa anajifungia gizani siku nzima. Sisi tulidhani ametuchoka."

Basi vizazi vijavyo na vijue, na watakaotunza kumbukumbu za mataifa wanoe kalamu: kwamba saa nane mchana, chini ya bati lililowaka kwa jua, katika kelele za wakwe kumi na wanane, Gibson Khaemba aliketi, macho wazi, akaomba aongezewe wali.