Karatasi Mbili za Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Nina nyota mimi. Chama kimepasuka pande mbili juu ya Muswada wa Bima ya Afya, na kati ya wabunge wetu wote, Mnadhimu wa chama bungeni kanikabidhi mimi kazi ya kukiunga. Kambi ya Kantini, tunaziita kwa mahali zinapokutania, wanataka kifungu cha tisa kifutwe, kile cha kuwalazimisha waajiri kuchangia. Kambi ya Veranda wanasema kikifutwa, kura zao tusahau. Dada yangu, muuguzi, kapiga simu. Wazazi wodini kwake wanajinunulia glavu wenyewe. Kasema nikirudi bila sheria hiyo nitafute pengine pa kula.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimepata. Kantini nimewaandikia marekebisho ya kukifuta kifungu. Veranda, ya kukiimarisha. Zote nimesaini kwa mbwembwe. Kila kambi nimeiambia iwe siri. Mzee Kitambi wa Kantini kanikumbatia mpaka kifungo kikachomoka. Mama Miwani wa Veranda kasema kumbe kichwa changu kina kitu, alidhani ni cha kuvalia kofia.

Jumatano, 5 Machi
Nimealikwa chakula cha mchana mara mbili. Nimekula mara mbili. Uongozi ni mzigo.

Alhamisi, 6 Machi
Nilisahau jambo dogo. Marekebisho yote hupelekwa kwa Karani, naye huyachapa na jina la mleta hoja na kumgawia kila mbunge nakala. Ukurasa wa nne: kifutwe. Chini yake: kiimarishwe. Jina moja. Wapinzani wamegonga meza dakika nzima. Mzee Kitambi akauliza kama mimi ni mtu au mapacha. Mama Miwani akamjibu kwamba hata nikiwa mmoja bado nimezidi. Wakacheka pamoja, watu ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi wa chama. Kambi zote mbili zikaingia chumba cha kamati, mlango ukafungwa. Nikagonga. Mnadhimu akasema kwa ndani nikapumzike, tena sana.

Ijumaa, 7 Machi
Muswada umepita. Waajiri wakubwa wanachangia sasa hivi, wadogo wamepewa miaka miwili wajipange. Chama chote kimepiga kura upande mmoja. Dada kapiga simu analia, kawaita wauguzi wenzake wanisikie. Nikawaambia chama nimekiunga kwa mikono yangu. Wakapiga vigelegele.
Wiki ijayo ni Muswada wa Barabara, na kambi zimeshaanza kununiana. Karatasi mbili nimeshaandika. Safari hii moja atasaini jirani yangu wa kiti.
Halafu ile kazi ya Jumatatu, nilidanganya. Mnadhimu alinikabidhi koti lake tu, nimshikie.