Kiuno cha Utelezi

Kazi ya Utelezi ilikuwa kuanguka. Wenzake waliamka asubuhi wakaenda kujenga au kushona; yeye alizunguka mjini akitafuta sakafu mbichi. Akiiona, anateleza, anapiga ukelele, anashika kiuno, na mwenye duka, kwa kuwazia bili ya hospitali, anamtoa haraka na chochote kitu. Kazi safi, na haina bosi.

Siku hiyo akapita kwenye duka la vyombo. Mwenyewe, mama mmoja wa miwani, ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki. Kiunoni, chini ya shati, Utelezi alikuwa amejifunga mkanda wa kitambaa wenye kodi yote anayodaiwa na dada yake. Alishaambiwa kwamba isipofika leo, ahame. Mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja nyumbani. Lakini sakafu ilimeremeta mno, na kuipita hivihivi ingekuwa dharau kwa taaluma.

Akaingia, akateleza. Akiwa bado hewani akaona mnara wa sufuria mbele yake, na kwa kuogopa kulipishwa akajipinda. Msuli wa kiuno ukakaza ghafla, ukambana kama koleo. Ukelele uliomtoka haukuwa ule wa kazini.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Nikupeleke hospitali?"

Hapa ndipo huwa anajibu: hapana mama, nipe tu ya dawa. Leo aliitaka hospitali kwelikweli, kisha akaanza kupiga hesabu: kumwona daktari, picha, sindano, kitanda. Kiuno kikazidi kuuma.

"Wakikuona hivi wanakulaza," mama akaongeza kwa huruma. "Na kitanda kinahesabiwa hata ukiwa chooni. Ngoja nimwite kaka yangu, ni mtabibu wa misuli. Kwa kuwa umeangukia kwangu, hatakutoza kitu."

Maneno hayo ya mwisho yalimtuliza kuliko ganzi.

Kaka mtu akaja na koti jeupe lenye doa la mchuzi mfukoni. Akabonyeza kiuno. Utelezi akalia machozi ya kweli, mageni kabisa usoni pake.

"Msuli umepanda juu ya mwenzake," mtabibu akatamka kwa sauti ya kutangaza msiba. "Ukipiga chafya leo, bwana, ndiyo basi tena."

"Nisipige chafya?"

"Hata kukohoa, niombe ruhusa kwanza. Na vua huo mkanda, unazuia damu."

Utelezi akasita. Yeye mwenyewe alishalaghai watu kwa maneno mepesi kuliko hayo. Lakini pua ilianza kumwasha, na hofu haina ujanja. Akavua. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akisema atamshikia.

Wakamlaza kifudifudi nyuma ya kaunta, taulo la moto kiunoni, na tuseme ukweli, yule bwana alijua kukanda. Baada ya muda Utelezi akasimama wima, akapiga chafya, na hakuna msuli ulioachana na mwenzake. Mama akamrudishia mkanda ukiwa umetuna vilevile, akamwongezea noti ndogo ya pole.

"Nenda salama, Utelezi."

Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Katibiwa bure na pole juu! Aliwahurumia kidogo wale ndugu wawili kwa ujinga wao.

Dada yake alikuwa mlangoni. Utelezi akamtupia mkanda. "Hesabu mwenyewe."

Dada akaufungua. Ndani mlikuwa na vipande vya boksi, vimekatwa saizi ya noti, kwa mkono uliotulia. Vingine bado vilikuwa na picha ya sufuria.

"Nani kakunyoosha hivi?"

Utelezi akafungua kinywa, na ndipo alipokumbuka kwamba kule dukani hakumtajia mtu jina lake. Mtaa mzima ulikuwa unamjua. Aliona aibu mpaka masikioni, na polisi angeenda kuwaambia nini? Akamsimulia dada habari ya kiuno na ya mtabibu.

"Na kiuno chenyewe?" dada akauliza.

"Kimepona kabisa, dada."

"Afadhali," akasema, akamwonyesha godoro lililokwisha kuviringishwa na kufungwa kamba. "Beba."