Acha Gari, Nenda Kazini

Habari ya asubuhi ile ilikuwa imeandikwa ukutani ng'ambo ya barabara, kwa rangi ya kijani isiyokauka vizuri: GEREJI YA WAAMINIFU. TAMRAT NA ASRAT. ACHA GARI, NENDA KAZINI.

Kijana waliyemwita Redio, ambaye hajapata kunyamaza hata mdomo ukijaa bisi, aliisoma kwa sauti ya mtangazaji. Vigoda vyote vya Emebet muuza kahawa vikatikisika kwa kicheko.

"Acha gari!" Gashe Mengesha, mzee wa kijiwe, alijifuta machozi. "Tamrat, mwanangu, hapa Addis mtu anaweza kumwacha mke akaenda ughaibuni. Lakini gari, kwa fundi? Thubutu!"

Tamrat alikuwa kati yao, ovaroli mpya, kifua mbele. Alijua wanachocheka. Katika mtaa ule wa magereji betri huingia kijana ikatoka kikongwe, ndiyo maana kila mwenye gari hukodi mtu wa kijiweni amkodolee fundi macho mpaka boneti ifungwe. Gashe Mengesha amesomesha watoto kwa kazi hiyo. Hodari wao alikuwa Asrat, waliyembandika jina Jicho, rafiki wa Tamrat tangu utotoni na sasa mbia wake. Tamrat ameuza hata pikipiki kwa ajili ya gereji ile. Jicho ameahidi kuacha kigoda cha ulinzi.

"Kwetu hakuna haja ya mlinzi," Tamrat alisema. "Gari likiwa zima, mteja anaambiwa aende zake."

"Aende zake?" Redio aliruka. "Mtu kaja na ugonjwa wake, wewe unamnyang'anya! Huo si wizi?"

"Na kipuri kibovu kikitolewa, anakabidhiwa mkononi."

"Akakipike mchuzi?"

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Gashe Mengesha alitema punje ya bisi. "Wewe umejitembeza mpaka ukutani. Haya, mafundi wote wakiwa malaika, sisi kahawa tutanunuliwa na nani?"

"Hapo ndipo panapowauma," Emebet alisema, akimimina raundi ya pili. "Semeni tu, msizunguke."

"Jicho, wajibu hawa," Tamrat alimgeukia mbia wake, aliyeketi kigodani na kikombe.

"Nakunywa, mbia," Jicho alisema.

Mara Corolla nyeupe ikaja ikikohoa, ikasimama mbele ya maandishi. Akashuka Weyzero Tsige, mama mwenye duka la vitambaa.

"Mnaona?" Tamrat alishavuka barabara.

Alifungua boneti, akasikiliza, akagusa hapa na pale. "Plagi moja tu, mama. Vingine vyote ni vizima."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Kabureta je?"

"Nzima kabisa. Nenda zako dukani, utalikuta tayari."

Weyzero Tsige alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini. Kisha akakunja shela yake, akavuka barabara mbio mbio.

"Jicho yuko? Njoo unikalie pale, haraka!"

"Mama, yule ni mwaminifu," Redio alisema, uso mkavu. "Kaandika."

"Ndiyo maana nimeogopa! Mwizi wa kawaida nimemzoea, najua anapoanzia. Huyu ananifukuza niende kazini!"

"Lakini huyo Asrat wa ukutani ndiye Jicho huyu huyu."

Mama alifikiri kidogo. "Tena afadhali. Atajua mwenzake anaficha wapi. Emebet, mpe kahawa, na chakula cha mchana juu yangu."

Jicho aliangalia ukuta. Akaangalia sini yake, kikombe kidogo kilichojaa kahawa. Akainuka.

Tamrat alimwona rafiki yake akija, moyo ukamchangamka, akamnyooshea spana. Jicho hakuipokea. Aliweka kigoda karibu na tairi, akaketi, akapuliza kahawa yake.

"Asrat?"

"Endelea na kazi, mbia, usinijali," Jicho alisema. "Ila huo mkono wa kushoto, utoe mfukoni niuone."

Kijiwe kikapiga makofi. Tamrat akautoa mkono. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akainama akahesabu spana zake.