Malalamiko Kuhusu Magari Yaliyopona

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Ruzuku za Mafunzo kwa Waajiri Wadogo,

Natumaini u mzima, maana gereji yangu si nzima hata kidogo. Mwaka jana ofisi yako ilinilipia sehemu kubwa ya ada, nikampeleka chuoni mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wangu pekee, akasomee umeme wa magari. Nilishukuru kwa moyo wote. Leo, kwa heshima ileile, naomba mnirudishie binti huyo kama alivyokuwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Magari hayarudi. Zamani gari likitoka kwangu nilikuwa na hakika tutaonana nalo tena kabla mwezi haujaisha. Biashara ni kujuana, au sivyo? Sasa mpwa wangu anachomeka kimashine chake, anatazama, anagusa sehemu moja tu, basi. Gari linaondoka halikohoi, halizimiki, wala halina adabu ya kupita siku moja kutusalimia.

2. Anasema kweli mbele ya wateja. Juzi alikuja muuza mitumba na pikapu yake, nikaanza kumwandaa polepole, kwa huruma, apokee habari za kununua injini. Binti akadakia kwamba ni fyuzi. Fyuzi, Mheshimiwa! Mteja akanikazia macho, nami nikainama kutafuta spana ambayo haikupotea.

3. Benchi la wateja liko tupu, na hili ndilo linaloniuma hasa. Tangu mke wangu afariki, watu wangu ni hao wanaosubiri magari. Kuna mwalimu mstaafu mwenye gari kuukuu la bluu. Alikuwa hakauki hapa. Boneti ikifunguliwa tu, sisi tunapanga drafti, ananinanga, namnanga, mpaka jioni. Mpwa wangu akaliponya lile gari kabisa. Ubao wetu bado uko juu ya pipa la oili, zamu ni ya mwalimu, na kete zimeshika vumbi. Nimemkumbuka sana yule mzee, nasema wazi.

4. Kwa hiyo naomba ruzuku ya pili, ya kozi ya kusahau. Iwe chuo kilekile na mkufunzi yuleyule, ila aanzie ukurasa wa mwisho kurudi nyuma. Fungu lisipotosha, zungumza na wenzako wa barabara waache kuziba mashimo ya mtaa wetu. Hapo tutaelewana.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mama wa masjala aliyenigongea muhuri huku akinipongeza. Mwambie sina kinyongo naye, ila asirudie.

Wako mtiifu, ijapokuwa nimekasirika,
Mwenye Gereji

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha mwalimu alipoingia, gari likichechemea. Mpwa wangu akafungua boneti, na hata mimi nikaona: waya wa plagi umechomolewa kwa mkono. Mwalimu akawa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana. Binti akaifunga boneti taratibu, akasema hii ni kazi kubwa, wazee tukae, haiishi kabla ya jioni. Kisha akaenda zake kunywa chai.

Mheshimiwa, futa yote niliyoandika hapo juu. Kukiwa na kozi nyingine, mwandike yeye wa kwanza. Naishia hapa, mwalimu ameshapangusa kete na ananiita.