Mlango wa Mfalme wa Theluji

Jumapili, 15 Desemba

Imepatikana! Yasunori, rafiki yangu wa shule ya msingi, kapiga simu kutoka Osaka. Mama yake, aliyebaki huku kwetu, yuko kwenye usafi wa mwisho wa mwaka na hana huruma, anatupa kila kitu. Kanda zote za gemu za video za utotoni mwetu, zile za kuchomeka kwenye mashine, zimo stoo, ndani ya kopo la biskuti. Nikauliza, na Mfalme wa Theluji je? Akasema ipo. Nimejikuta nimekaa sakafuni jikoni. Mke wangu Chizuru kadhani nimefiwa.

Hapa Nagaoka kila mkusanyaji wa gemu za zamani anaitafuta kanda hiyo. Mimi zaidi ya wote! Nilikuwa na miaka kumi, nimefika ngome ya mwisho, mlango ndio unataka kufunguka, mama yake Yasunori akachomoa waya ukutani ili tukale. Mpaka leo sijui mle ndani mna nini.

Siri kubwa. Simwambii mtu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimemwambia Hamaguchi, mkusanyaji mwenzangu. Sikukusudia! Tulikuwa bafu la umma, tumezama hadi shingoni, naye akaanza kutamba na kanda zake mbili mpya, zote na maboksi yake. Uzalendo ukanishinda. Nikamwambia asubiri aone nitakachotoka nacho kwa mama Kuwabara, mama yake Yasunori. Papo hapo akatoka majini kabla yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mjinga mimi!

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda na mfuko wa machenza. Nikavua viatu mlangoni, kidole gumba kiko nje ya soksi. Mama Kuwabara akajifanya hajakiona. Akaniletea chai na achari ya figili, halafu kopo. Ya juu kabisa: Mfalme wa Theluji! Mgongoni jina la Yasunori kwa maka peni, kama tulivyoandika sote zamani ili kanda zisipotelee kwa marafiki. Nikaikalia mikono yangu isije ikaidaka.

Sasa mbinu. Ukionyesha unakitaka kitu, umekwisha. Kwa hiyo nikakunja pua. Nikamwambia, mama, hizi ni takataka tupu, ona vumbi, ona maandishi ya kitoto, hata mzoa taka atazikataa. Ila kwa heshima yako nitakusaidia kuzibeba.

Uso ukamwiva. "Jamani mwanangu, na mimi nimekuwekea uchafu mezani! Siwezi kukupa hivi. Njoo Ijumaa."

Kanasa! Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Chizuru kauliza kwa nini sikumwomba tu. Chizuru hajui mambo haya.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwona Hamaguchi akitoka mtaa wa mama Kuwabara. Mkono mmoja mfukoni mwa koti, wa pili umeshika chupa ya figili. Akanipungia kwa hiyo chupa. Kapewa figili! Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimelipokea kopo kwa mikono miwili, limefungwa kwa kitambaa kizuri. Nikainama mpaka nikagonga kichwa kwenye mlango. Nikalifungua palepale barabarani, theluji inaanguka.

Kanda zinang'aa! Hakuna vumbi. Hakuna jina. Hakuna lebo hata moja!

Nikarudi mbio. Mama akanieleza kwa furaha kwamba jana jioni alizitosa kwenye maji ya moto na sabuni, akazisugua kwa brashi ya sufuria, akazikausha juu ya jiko la mafuta ya taa. Chache zimepinda, nimwie radhi. Nikamshukuru sana. Ningefanyaje?

Jumamosi, 21 Desemba

Nimezijaribu zote. Hakuna iliyowaka. Moja imetoa povu. Nimelia kidogo. Chizuru kanimenyea chenza.

Jumapili, 22 Desemba

Hamaguchi kapiga simu asubuhi. "Tadokoro, kaka, njoo jioni! Ninayo Mfalme wa Theluji!"

Ilikuwa mfukoni siku ile! Alimwambia mama Kuwabara waziwazi kwamba ameitamani tangu utoto, na asiioshe, anaitaka na vumbi lake. Akapewa palepale. Na inawaka! Amecheza mpaka ngome ya mwisho, yuko mbele ya mlango, hajaufungua. Ananisubiri mimi niufungue kwa mkono wangu, kwa sababu, anasema, kisa cha ule waya amekichoka miaka thelathini.

Kaniona mjinga! Mtego nimeuona mara moja. Anataka nionyeshe kwamba naitaka.

Nitakwenda, lakini pua nimeikunja. Nitamwambia hiyo kanda ni mbovu, inanuka kuungua, achomoe waya ukutani haraka kabla nyumba haijashika moto. Atachomoa. Nami, kwa heshima yake, nitamsaidia kwenda kuitupa.

Machenza nimeshanunua.